Meza Isiyo na Ugali

Gari la wageni wa posa lilipoingia uani, Avelina alikuwa jikoni anakata tambi kwa kisu, na hakuacha kukata. Aliwaangalia tu dirishani wakishuka mmoja mmoja, wakijikunyata kwa upepo wa Juni wa Sumbawanga, upepo usiomwonea haya hata mtu wa Mbeya aliyezoea baridi ya kwao.

Wa kwanza alikuwa Mzee Mbonile, baba mdogo wa Lwitiko, amezama ndani ya koti refu. Wa pili shangazi yake Lwitiko, Atusaye, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi Laela miaka ishirini, akawajua Wafipa kuliko baadhi ya Wafipa wenyewe. Wa mwisho Lwitiko, mwenye posa, na shati jeupe lililonyooshwa mpaka kwenye vifungo.

"Amependeza," alisema Epifania, binti wa baba mkubwa wa Avelina, aliyekuja kusaidia kupika na kuona yatakayotokea. "Nalisema kwa uchungu, lakini amependeza."

"Menya vitunguu saumu."

"Namenya. Ni mikono inayomenya, macho yana nafasi."

Avelina alimtupia Lwitiko jicho mara moja, akalirudisha kwenye kisu. Mara moja ilitosha. Miaka mitatu, na mtu yule bado alitembea ameinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama anayesikiliza harufu inatokea wapi. Moyo ulimruka, naye akaukemea. Leo haikuwa siku ya moyo. Leo ilikuwa siku ya kulipa.

"Na ugali?" Epifania alinong'ona. "Bado umeamua vile vile?"

"Vile vile. Atakula kila alichoagiza. Ugali hatauona."

Katika nyumba ile ya marehemu Mzee Cornelius, baba yake Avelina, posa haikujibiwa kwa mdomo. Tangu enzi za mababu zao ilijibiwa kwa ugali wa ulezi. Wageni walikaribishwa, wakalishwa, wakasikilizwa, na mwisho wa yote, kama wamekubaliwa, ugali uliletwa mezani. Wakimega, wameshakuwa ndugu. Yaliyobaki ni mahari na tarehe. Usipoletwa, walinawa mikono, wakashukuru, wakarudi kwao, na hakuna aliyetukanwa. Na kama wageni wenyewe wangeurudisha ugali, basi wao ndio waliokataa, na posa hiyo isingepokelewa tena katika nyumba ile mpaka mwisho wa dunia. Lakini hilo halikuwahi kutokea. Nani arudishe ugali aliousafiria?

Lwitiko hakuyajua hayo. Alijua mengine.

Walipokutana Dar es Salaam, yeye alikuwa mwongoza wageni na Avelina ndiyo kwanza amemaliza stashahada ya upishi. Kazi ya Lwitiko ilikuwa kuwazungusha wazungu mjini wakionja chakula halisi cha Kiitaliano: piza ya jiko la kuni Masaki, tambi zilizokandwa kwa mikono Upanga, jelato, aiskrimu nzito ya pistachio, karibu na bahari. Jumatatu, siku ambayo hakuwa na wageni, alimpitisha Avelina njia ile ile. Waliagiza sahani moja, na Lwitiko alimwambia mhudumu alete uma mmoja.

"Usimeze kwanza," alikuwa akimwambia. "Funga macho. Kuna nini humo?"

"Siagi. Jibini ya maziwa ya kondoo. Na kungumanga, kidogo sana."

"Umejuaje kungumanga?"

"Ulimi wangu hauna kazi nyingine."

"Utapata," Lwitiko alisema, na Avelina aliinamia sahani ili asionekane anavyocheka.

Miezi minane walizunguka hivyo. Avelina aliujua mji ule kwa ladha kabla hajaujua kwa mitaa. Alijifunza kwamba tambi za karbonara haziwekwi krimu, kwamba tiramisu, keki ya kahawa na krimu, isipolala usiku mmoja haijaiva, na kwamba Mwitaliano huleta sahani moja moja, hachanganyi. Alijifunza pia kwamba kuna mwanaume anayeweza kukuangalia ukila kama vile anayeshiba ni yeye.

Kisha Lwitiko akaahidi kuleta posa. Ilikuwa Jumamosi ya wiki baada ya Pasaka, miaka mitatu iliyopita. Avelina alisonga ugali wa ulezi kwa mikono yake. Ndugu ishirini na wawili walikaa uani wamevaa vizuri. Saa sita ikapita, saa nane, saa kumi. Simu ya Lwitiko ilikuwa imezimwa. Mwishowe Mzee Cornelius alivuta bakuli la ugali uliokwisha kupoa, akaula peke yake mbele ya ukoo mzima, akisema chakula hakitupwi.

Ujumbe ulikuja Jumatatu. Alikuwa amepata wageni wakubwa kutoka Italia waliotaka kuzungushwa kwenye vitamutamu vya mji mzima, wikiendi yote. Nafasi kama ile haiji mara mbili. Amsamehe, wapange siku nyingine.

Mzee Cornelius aliulizwa sokoni mwaka mzima kama wakwe wameshafika. Masika yaliyofuata alikufa, bado wanamuuliza. Avelina alirudi kumzika, akabaki, akafungua mgahawa pale Mazwi.

Ndiyo maana Lwitiko alipopiga simu mwezi uliopita, akilia, akiomba aje upya na wazee wake, Avelina hakukata simu. Na aliposema, "Wazee wangu hawajawahi kuonja Kiitaliano. Tupikie kile tulichokula Dar," alimjibu kwa upole ambao Epifania, aliyekuwa karibu, aliuogopa.

"Njooni. Nitapika chote."

Sahani ya kwanza ilikuwa vipande vya mkate wa kuchoma, vimesuguliwa kitunguu saumu na kuwekwa nyanya mbichi juu. Avelina aliipeleka mwenyewe, akapiga goti, akawaamkia wazee. "Shikamooni." Lwitiko alimwangalia, naye akaangalia mkate.

Baba mkubwa Flavian, msemaji wa familia, aliishika kama anayeshika barua ya serikali. Mzee Mbonile alimuuliza Lwitiko, "Huu ni wa kunywea chai?"

"Hapana, baba. Huu ni wa kufungua tumbo."

"Tumbo langu limefunguka tangu Tunduma."

Watu wakacheka, meza ikachangamka. Na Lwitiko akaanza kazi yake. Hakuweza kujizuia, ndivyo alivyokuwa. Alisimama, akaeleza. Tambi za mikono zilipokuja na mchuzi wa nyama uliochemka tangu alfajiri, aliwafundisha kuzungusha uma. Ulipokuja wali laini wa maziwa na jibini, alionja akafumba macho, akauliza huu mchele umetoka wapi. Avelina akasema Mtowisa. Lwitiko akasema haiwezekani, mchele wa Mtowisa hauwi hivi. Avelina akasema unakuwa, ukikorogwa dakika ishirini bila kuangalia simu.

"Hilo limenipata," Lwitiko alisema taratibu.

"Lilikuwa la mchele," Avelina alijibu, akabeba sahani tupu.

Aliporudi jikoni, shangazi Atusaye aliingia nyuma yake, akafunga mlango. Alikuwa mwanamke mfupi, na alizungumza kama anayesoma kipimo cha mgonjwa.

"Mwanangu, chakula ni kizuri. Sijala hivi maishani mwangu."

"Asante, shangazi."

"Sijaona ulezi humu ndani. Wala harufu yake."

Avelina alimtoa samaki kwenye tanuri. Kuhe wa Wampembe, ameokwa na limau na nyanya, ngozi imekakamaa vizuri.

"Bado kuna samaki," alisema.

"Mimi sizungumzii samaki. Nimehudhuria posa nyingi huku kuliko mazishi. Unampamba yule mtoto kama ng'ombe wa kuchinjwa. Anawaeleza wazee mapishi, anadhani amepewa heshima ya mwisho, na wewe unajua atatoka humu mikono mitupu."

"Yeye ndiye aliyechagua chakula."

"Ana makosa, sikatai. Nilimkaripia mpaka sauti ikakauka. Nikupigie magoti?"

"Usinipigie magoti, shangazi. Baba yangu hakupigiwa."

Atusaye akatikisa kichwa. "Nisingependa kuwa adui yako," alisema, akachukua sinia la samaki akalipeleka mwenyewe.

Mlango wa nyuma ulifunguka. Aliyeingia alikuwa mama yake Avelina, Mama Bertilla, na vumbi la uani kwenye kanga.

"Huyo mama alitaka nini?"

"Ugali."

"Mpe."

"Mama, tulishazungumza."

"Wewe ulizungumza. Mimi nilikuwa nasikiliza." Mama Bertilla alifunua sufuria, akaonja mchuzi, akarudisha mfuniko. "Umekanda hizo kamba za unga siku mbili. Umelaza hizo keki zako sakafuni stoo ili zipate baridi, ukaamka usiku mara mbili kuziangalia kama mtoto mwenye homa. Mtu asiyependwa hapikiwi hivyo."

"Ni kisasi, mama. Kisasi nacho kinataka maandalizi."

"Una miaka thelathini na nne. Baba yako amelala, hadaiani na mtu. Wewe ndiye unayelia kule chumbani, na ukuta wangu ni wa matofali mabichi, nasikia kila kitu."

Epifania aliinamia vitunguu vyake kwa bidii ya ghafla.

"Sitamsongea ugali," Avelina alisema.

"Sijasema usonge," alijibu mama yake, akatoka kwa mlango ule ule aliouingilia.

Avelina alipeleka tiramisu mwenyewe. Alikuwa ameoka biskuti zake, akazichovya kwenye kahawa ya Mbozi, akapanga juu yake krimu aliyoigandisha kwa limau, na baridi ya stoo ikaifanyia kazi yote. Mzee Mbonile alionja kijiko kimoja, akakiangalia kijiko, akasema kwa lugha ya kwao, "Ndaga fijo." Hata asiyejua Kinyakyusa alielewa kwamba ameshukuru kutoka chini kabisa ya koti.

Lwitiko hakuonja. Alisimama, na safari hii hakueleza chakula.

"Baba mkubwa, naomba kusema."

"Sema," alijibu Mzee Flavian.

"Tiramisu ya kwanza maishani mwangu iliyonifanya ninyamaze, nilikula na Avelina, Upanga, kwa kijiko kimoja. Nimekula mia tangu hapo. Nimelipwa kuzila. Zote zilikuwa na kitu kimepungua, na nilidhani ni kahawa." Aliwageukia ndugu wa Avelina. "Miaka mitatu iliyopita niliwaacha mmekaa kwenye viti hivi. Sikuugua. Sikupata ajali. Nilifuata wageni na sifa. Mzee Cornelius nilimwaibisha mbele ya ukoo wake. Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, nilianzia makaburini. Nilimwambia yeye kwanza. Sasa nawaambia ninyi."

Avelina alikuwa amesimama kando ya kabati la vyombo na sinia kifuani. Hakujua habari ya makaburi. Alitafuta hasira yake pale alipoiacha, akakuta imesogea. Lwitiko alikuwa anamwangalia, macho yamelowa, na yalikuwa macho yale yale ya Jumatatu za Dar, yakimsubiri ameze aseme kuna nini ndani.

Hapo ndipo mlango wa nje ulipofunguka, Mama Bertilla akaingia amebeba bakuli kubwa limefunikwa kawa jipya.

Alikuwa ameusonga ugali nyumba ya pili, jikoni kwa Monika, jirani yake. Aliuweka katikati ya meza, kati ya tiramisu na vijiko vidogo, akaufunua. Ugali wa ulezi, mweusi mwekundu, mvuke unapanda mpaka kwenye miwani ya Mzee Flavian. Mzee Flavian akanyoosha mgongo. Shangazi Atusaye akafumba macho kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

Avelina alipaswa kukasirika. Mama yake alikuwa amemwibia jibu lake mbele ya watu. Lakini alijikuta, kwa aibu kubwa, anaiangalia mikono ya Lwitiko. Alitamani amege. Hilo tu. Amege, na miaka mitatu iishe.

Lwitiko aliutazama ugali. Akautazama na uso wa Avelina, akaona umebadilika, akadhani ameelewa. Aliona mpishi aliyekanda na kuoka siku mbili, akapanga sahani moja moja kama Mwitaliano aliyekamilika, halafu mama mtu anakuja kuuangusha ugali juu ya tiramisu yake. Akaamua kumtetea.

"Mama," alisema kwa tabasamu, kwa sauti ile tamu ya kuongozea wageni, "asante sana. Lakini leo tumekula Kiitaliano, na Kiitaliano kikishafika kwenye kitamutamu kimefungwa. Ukila ugali juu ya hii kazi ya Avelina, umeiua. Rudisheni tu jikoni. Mtakula ninyi jioni."

Shangazi Atusaye alimkanyaga chini ya meza. Lwitiko alisogeza mguu, akidhani amebanwa na nafasi.

Kisha akamgeukia Avelina. Aliinua nyusi kidogo, kama anayesema, umeona, nimekulinda.

Bado ilikuwepo nafasi. Jibu la mgeni halihesabiwi mpaka bakuli liondolewe mezani, na Mama Bertilla alikuwa hajaligusa. Alimwangalia binti yake. Mzee Flavian alimwangalia. Avelina angetikisa kichwa mara moja tu, Lwitiko angeelewa; waliwahi kukaa miezi minane wakizungumza kwa macho juu ya sahani moja.

Lakini akilini alimwona baba yake anavuta bakuli la ugali uliopoa.

Akamtabasamia Lwitiko. Tabasamu zuri, la shukrani, lililojaa. Lwitiko akalipokea kwa furaha, akasukuma bakuli kwa mkono wake mwenyewe kuelekea kwa mama mkwe wake, akalifunika.

Mama Bertilla alilibeba. Akalipeleka jikoni.

Mzee Flavian alisimama, akavaa kofia yake. "Wageni wametujibu," alisema. "Tunawashukuru kwa kufika. Barabara ni ndefu, msichelewe."

"Tumejibu nini?" aliuliza Mzee Mbonile, kijiko kikiwa bado mkononi.

Atusaye alimweleza Kinyakyusa, maneno machache. Kijiko kikashuka taratibu. Lwitiko aliyasikia maneno yale, na Avelina aliuona uso wake unavyokauka, kuanzia kwenye macho.

Lwitiko alimfuata Avelina uani, karibu na tangi la maji. Upepo ulikuwa unapiga kanga zilizoanikwa kambani huku na huku.

"Ulijua," alisema Lwitiko.

"Nilijua."

"Nilikuangalia. Ukanitabasamia."

"Ndiyo."

"Nilidhani nakutetea, Avelina."

"Najua ulidhani nini. Umekuja kuoa Ufipa, na umejifunza Waitaliano wanamaliza chakula kwa kitu gani. Wafipa hukuuliza wanamaliza kwa kitu gani. Ungemuuliza hata shangazi yako, ndani ya gari, safari nzima."

"Ungeniambia."

"Na wewe ungetuambia, siku ile. Simu ilikuwa mfukoni mwako."

Lwitiko aliinama, kichwa kikaenda kushoto. "Kwa hiyo ulipanga tangu nilipopiga simu."

"Nilipanga usiletewe. Mama akaleta. Kuurudisha ulirudisha mwenyewe, hata sikuhitaji kupanga."

"Na alipoleta?" Alimsogelea hatua moja. "Mama alipoleta, ulitaka nini? Usinijibu kwa hasira. Nijibu kama ulivyokuwa unanijibu umefumba macho."

Avelina alishika ukingo wa tangi. Bati lilikuwa la baridi mpaka kwenye mifupa.

"Nilitaka umege," alisema.

Lwitiko aliinua kichwa. "Basi nirudi. Nitakuja na wazee wengine, nitakula ugali mpaka..."

"Hakuna kurudi. Nyumba hii ukishairudishia ugali, imekwisha. Baba mkubwa hawezi kuivunja mila hiyo, wala mama, wala mimi."

"Wewe ulikuwa na sekunde tatu za kuizuia."

"Nne," Avelina alisema. "Nilizitumia zote."

Honi ya gari ililia mara moja, kwa adabu. Shangazi Atusaye alikuwa ameshakaa, uso mbele. Lwitiko akaenda, bila kuaga, na shati lake jeupe lilikuwa na doa la kahawa kwenye mkono ambalo hakuna mtu angemwambia.

Avelina alisimama kwenye mlango wa jikoni. Gari liliyumba kwenye mashimo, likakata kona ya kwenda Kizwite, likaacha vumbi, na upepo ukalichukua vumbi. Nyuma yake Epifania alikuwa anaosha sahani polepole, bila utani hata mmoja.

"Umemwona alivyokuangalia?" aliuliza Mama Bertilla.

"Nilimwona."

"Ungeweza kumtikisia kichwa."

"Ningeweza."

"Basi umepata ulichokitaka."

"Nimepata, mama."

"Kama umepata, toka hapo mlangoni. Unaingiza vumbi."

Avelina hakutoka.